Wapiga besi wa Kigoma na Tabora, tukutane hapa: visa vya jukwaani na mikono tunayoihusudu

Nyuzi Nne (Mwanga, Kigoma):
Wakuu, heshima kwenu. Nimezunguka humu, waimbaji wana uzi wao, maprodyuza wana wao, hata wacheza shoo wana wao. Sisi wa besi hatuna hata kijiwe. Nafungua hiki.

Naanza mwenyewe. Napiga besi mwaka wa kumi na moja huu. Ijumaa na Jumamosi baa, Jumapili kwaya. (Mchungaji anajua, msinichomee.) Kisa changu ni cha Kibirizi. Kwa wasiojua, bendi za huku ziwani hazifuati kalenda ya ukutani, zinafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapandishwa mchangani, wavuvi wako nchi kavu na pesa mfukoni. Hapo ndipo tunapopiga.

Basi mbalamwezi moja tumejaza, tumefika kwenye chemko la wimbo wa tatu, pale mdundo unapopanda, watu vumbi juu, uzi wa D ukakatika. Akiba sina. Kiongozi wa bendi akanitupia lile jicho la "shauri yako". Mvuvi mmoja akapaza sauti, "Mfungie waya wa breki!" Watu wakacheka, mimi sikucheka. Waya wa breki ya baiskeli unene wake unakaribia uzi wa D, na ncha yake ina kichwa kama kile cha uzi. Tena ni chuma, kwa hiyo pikapu, ile sumaku ya gitaa chini ya nyuzi, inausikia.

Nikaletewa Phoenix. Phoenix! Breki zake za vyuma vitupu, haina waya hata mmoja. Zikapita dakika kumi ndipo ikapatikana baiskeli ya gia, tukachomoa waya wa breki ya nyuma. Mwenyewe akakataa katakata usikatwe, kwa hiyo kipande kilichozidi nikakiacha kinaning'inia kichwani mwa gitaa kama antena. Nikapiga mpaka saa tisa usiku. Kidole cha shahada kilichanika. Na yule bwana alikaa mbele yangu usiku kucha, hachezi, hanywi, macho kwenye waya wake. Tulipomaliza alipanda jukwaani na spana yake, akaufungua mwenyewe.

Karibuni. Leteni visa, na mtaje mikono mnayoihusudu.

Chumvi ya Uvinza:
Hahaha, "hachezi, hanywi". Mtu kaja dansi kalinda breki.

Sisi mwaka fulani mwenye ukumbi alituambia kiingilio kimekuwa kidogo, akatulipa chumvi. Mfuko mmoja kila mtu. Nimetoka kwetu Uvinza, chumvi imetoka kwetu Uvinza, nimekwenda kupiga besi usiku kucha wilaya nyingine ili nirudi na chumvi Uvinza. Mke wangu hakusema neno, aliuweka mfuko pembeni ya mingine.

Fundi Jeki (Ujiji):
Nyuzi Nne, umeeleza vizuri lakini waache vijana wajue: waya wa breki unakula freti, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa. Nimeshatengeneza gitaa lililofungwa waya hivyo wiki mbili, freti zimechimbika kama njia ya mchwa. Usiku mmoja sawa, usizoee.

Mzee wa Ng'ambo (Tabora):
Mwangaluka, vijana wangu. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, kwa hiyo makosa ni yake.

Mimi besi sikuichagua. Tabora ya ujana wangu kila mtoto wa kiume alitaka solo. Mji wenyewe ulikuwa na Kiko Kids, una Nyanyembe Jazz, una Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Waliokwenda Dar nao wakafanya yao huko. Western Jazz ya 1959 ni Iddi Nhende, mtu wa Nzega, na jina lile ni la Jimbo letu la Magharibi, si la sinema za wapanda farasi kama wengi wanavyodhani. Solo la Western alikuwa Rashid Hanzuruni. Basi ukienda kuomba kazi na kusema unapiga gitaa, unaulizwa, "Kama Hanzuruni?" Ukishusha macho, umeshajibu.

Mimi nilishusha macho. Kiongozi akasema, "Yule aliyekuwa akishika besi ameoa, amehamia Mpanda. Shika." Sikujua hata linashikwa wapi. Nikapewa siku nne. Siku ya tano nikapanda jukwaani, na mpiga tumba akaniambia neno ambalo nimeishi nalo: "Usinifuate mkono, nifuate mguu." Alikuwa anapiga tumba kwa mikono huku mguu wa kulia ukigonga sakafu. Nilipiga miezi mitatu nikiangalia kiatu chake. Mpaka leo nakijua, cha kahawia, kamba za njano.

Nyuzi Nne:
Shikamoo mzee. Hii ya kiatu naihifadhi.

Mzee wa Ng'ambo:
Marahaba.

Dada Besi (Isevya, Tabora):
Shikamoo mzee, na nyie wengine habari zenu.

Mimi nashika besi kanisani mwaka wa saba na sherehe nikiitwa. Kisa changu si kirefu. Harusi Nzega, nimefika mapema, nimefunga gitaa, najaribu sauti. MC akanijia mbio, "Dada, mshikie tu vizuri gitaa lake, mwenyewe yuko njiani?" Nikamwambia mwenyewe ndiye mimi. Akacheka, akaenda. Akarudi na maikrofoni, kwamba basi nitaimba. Nikaipokea, nikaiweka kwenye kigoda, nikaendelea kukaza nyuzi. Saa mbili baadaye anatangaza: "Na kwenye gitaa la besi, tuna… tuna…" Hajawahi kuniuliza jina. Akamalizia "tuna dada yetu." Ndipo jina la humu lilipotoka.

Kwa mkono ninaouhusudu: Aston Barrett, yule waliyemwita Family Man, besi ya Bob Marley. Amefariki Februari 2024. Alinifundisha kwamba noti ina mwisho. Watoto wa kanisani wanajua kuianza noti, hawajui kuikata. Family Man anaikata kwa kiganja kabla haijakuchosha.

Mwisho wa Lami (Bangwe, Kigoma):
Mimi nimeacha kupiga, mgongo, lakini nina kisa cha Liemba.

Miaka ya tisini tulialikwa Kirando, huko kusini. Safari ni meli tu. Vijana wa leo labda hamjui Liemba ilivyokuwa inashusha watu: vijiji vingi havina gati. Meli inasimama majini, inapiga honi, mitumbwi inatoka ufukweni kuifuata. Kila kitu kinashukia kwenye mtumbwi: mama na mtoto, mbuzi, kitanda, maiti, na siku hiyo bendi. Saa nane usiku, ziwa limechafuka kidogo. Magitaa yameshuka, tumba zimeshuka. Ikabaki amplifaya ya besi. Ilikuwa kabati, si amplifaya. Tukaifunga kamba, watu watatu juu, wawili chini, "teremsha, teremsha, teremsha…" Wimbi likauvuta mtumbwi kando hatua moja. Basi. Tulisikia "mbu!" na maji yakaturukia.

Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, linafika mita 1,470. Pale hatukuwa kwenye kina hicho, lakini kwa sisi ilikuwa sawasawa. Nahodha hasubiri. Honi ikalia, meli hiyo.

Kirando wameshauza tiketi. Nikachomeka besi kwenye amplifaya ya solo, mimi na mpiga solo tukachangia. Nyimbo mbili zikaenda. Ya tatu spika ikaanza kukohoa, ya nne ikapasuka, solo na besi vikafa pamoja. Tukamaliza usiku kwa ridhimu, tumba na sauti. Mpiga solo hakunisemesha mpaka Kigoma. Na kurudi ni kusubiri Liemba igeuze Mpulungu, Zambia.

Fundi Jeki:
Kaka, ilikuwa lazima ipasuke. Uzi wa E ukiwa wazi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, ule wa A mara 55. Ili sauti nzito hivyo itoke, karatasi ya spika inabidi iende mbele na kurudi nyuma safari ndefu. Spika ya solo imetengenezewa safari fupi. Ukiilazimisha inachanika pembeni, pale kwenye mkunjo. Nazipokea kila mwezi. Nyingine zinakuja zimebandikwa ugali.

Chumvi ya Uvinza:
Ugali??

Fundi Jeki:
Ugali, gundi ya viatu, kipande cha gazeti. Moja ilibandikwa plasta ya kidonda. Na hiyo ilikuwa inapiga vizuri, sikuigusa.

Ila nina jambo zito nataka niliseme. Acheni kukata ile pini ya tatu ya plagi kwa sababu soketi ya ukumbi ina matundu mawili. Ile ndiyo ardhi. Ukiikata, umeme uliovuja kwenye amplifaya unatafuta njia, na njia ni wewe: mikono iko kwenye nyuzi, mdomo ukigusa maikrofoni ya kuitikia umekamilisha mzunguko. Watu wamekufa hivyo. Anayewaambia mvae kandambili mtakuwa salama anawadanganya.

Nyuzi Nne:
Nimewahi kupigwa mdomoni, katikati ya pambio. Waumini wakadhani nimeshukiwa.

Dada Besi:
😂😂 Mimi nimenyamaza, nipo kanisani sasa hivi.

Beatmeka (Gungu, Kigoma):
Wazee wangu na dada, shikamooni. Mimi ni wa upande wa kompyuta, msinifukuze. Kwa heshima zote, gitaa la besi si limepitwa? Amapiano ile "log drum" ndiyo besi. Bongo Fleva besi nachora kwa kidole kwenye skrini. Hata wana wa Kigoma walipotoa wimbo wa Leka Dutigite mwaka 2012, kuna mtu aliuliza besi kapiga nani? Mimi mwenyewe nina gitaa la besi, nililinunua kwa hamu, linakusanya vumbi.

Mwisho wa Lami:
Vumbi si tatizo. Nyuzi zake zina miaka mingapi?

Beatmeka:
Minne. Hazijabadilishwa.

Fundi Jeki:
Zichemshe. Sufuria ya maji, dakika kumi, kausha kwa kitambaa. Jasho na mafuta ya vidole yanaganda kwenye mizunguko ya uzi, ndiyo maana unasikia sauti ya kamba ya katani. Ukichemsha inatoka ile takataka. Hazirudi kuwa mpya, ila wiki tatu nne utafurahi. Sufuria usitumie ya mama.

Nyuzi Nne:
Nilitumia ya mama. Chai ya asubuhi yake ilielea mafuta ya rangi. Nilitafutwa mpaka Buzebazeba.

Dada Besi:
Mimi sichemshi. James Jamerson, besi ya Motown, hakuwa anabadilisha nyuzi mpaka ikatike. Zake zilikuwa zile laini zilizobapa, na ule uchakavu ndio ulikuwa sauti yenyewe. Na alipiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, cha shahada. Mimi nilikuwa naona aibu kutumia kimoja, mwalimu wa kanisani anasema ni uvivu. Niliposoma hiyo nikatulia roho.

Kitu kinachoniuma kwa Jamerson ni kingine. Miaka yote ile ya sitini anapiga nyimbo dunia nzima inacheza, majalada ya Motown hayataji wapigaji. Jina lake lilikuja kuandikwa kwenye albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Amefariki 1983, na wengi wakamjua baada ya hapo. Halafu najiuliza, sisi je? Redioni nimekua nasikia "huo ni wimbo wa bendi fulani, mtunzi fulani". Besi nani? Kimya.

Mzee wa Ng'ambo:
Binti, hapo umegusa. Kanda za redio ya taifa ziliandikwa bendi, wimbo, mtunzi. Shem Karenga anajulikana kwa Dada Asha, na ni haki yake, kijana wa Kigoma aliyekuja Tabora Jazz na kuutunga, Mungu amrehemu, ametutoka 2014. Lakini muulize mtu mtaani nani alishika besi kwenye wimbo anaoupenda. Atakuimbia besi yenyewe kwa mdomo, "dumu-dumu-du", neno kwa neno. Jina hana.

Sisi wenyewe kwa wenyewe tulijuana kwa mkono. Nikisikiliza redio nikasema, "Huyu si yule wa mwezi jana, wamembadilisha." Wanangu walidhani nabahatisha. Kuna mwenye kidole kizito, kuna anayekimbilia kwenye chemko kabla ya wenzake, kuna anayevuta noti mpaka unataka kumsukuma. Kama mwandiko.

Wachache walipata majina. Suleiman Mwanyiro wa Mlimani Park, wana Sikinde, huyo hata wasiopiga walimjua. Nikisikia Mlimani Park ya enzi zile najua nimesikia mtu anayefikiri.

Mwisho wa Lami:
Na Tom Malanga. Tusiruke Tom Malanga, besi ya Les Wanyika.

Les Wanyika walipojitoa Simba Wanyika mwaka 1978, wakaja na Sina Makosa. Beatmeka, fanya hivi leo: vaa vifaa vya masikioni, usisikilize mwimbaji, usisikilize solo. Sikiliza besi mwanzo mpaka mwisho. Utakuta ule ni wimbo mwingine kabisa umelala chini ya wimbo. Besi inauliza, ridhimu la Omar Shabani linajibu, na kati yao pana nafasi unaweza kupitisha mkono. Nilijaribu kuukopi mwaka mzima. Noti nilizipata wiki ya kwanza. Nafasi ndizo sikuzipata.

Beatmeka:
Nimesikiliza. Naomba radhi kwa kauli ya "kupitwa".

Ila na mimi nina wangu, Bakithi Kumalo wa Soweto, kwenye ile Graceland ya Paul Simon ya 1986. Ana gitaa lisilo na freti. Kwenye You Can Call Me Al kuna mahali anapiga besi peke yake, kasi ya ajabu. Nilikaa nayo likizo nzima ya kidato cha tano, vidole vimevimba, nusu ya kwanza naipata, nusu ya pili haiwezekaniki. Nikajiona sina kipaji. Miaka baadaye nikasoma kwamba nusu ya pili ni ile ya kwanza, utepe umegeuzwa nyuma mbele! Ndiyo siku nilipohamia kwenye kompyuta, kusema kweli.

Chumvi ya Uvinza:
Kwa hiyo utepe ulikuharibia maisha 😂

Kwangu mimi ni Wakongo tu, sina kona. Decca wa TP OK Jazz, bendi ya Franco. Baba alikuwa na kanda za Franco, gari la chumvi lina redio moja na spika moja imekufa, iliyobaki ni nzito. Kwa hiyo utoto wangu wote Franco nilimsikia besi tupu. Nilipokuja kusikia gitaa lake kwa mara ya kwanza nikiwa mkubwa, nilishangaa kumbe na yeye alikuwa anapiga.

Nyuzi Nne:
Chumvi wewe!

Turudi kwa neno la mzee wa Bangwe, nafasi. Mwalimu wangu wa besi hapa Mwanga alinifundisha wimbo mmoja wa zamani wa huko Tabora. Jina silijui, yeye mwenyewe alikuwa anauita "ule wa treni" kwa sababu aliusikia kwenye treni. Kabla ya kuingia chemko magitaa yote yananyamaza, besi inabaki peke yake. Mimi pale nilikuwa najaza, naonyesha ufundi. Akanikatalia. "Piga noti moja. Halafu ziache mbili zinazofuata, hesabu moyoni, ndiyo uingie." Nikamwambia ni rahisi mno. Akasema si rahisi, wale wazee walikuwa na hekima ya kunyamaza. Alinitoza elfu ishirini kwa pale peke yake, kama somo maalumu. Na sikatai, kila nikipiga vile watu wanapiga kelele, wanajirusha. Ile kimya inawavuta.

Dada Besi:
Huo naujua! Na sisi Tabora kila bendi inayoukopi inapiga vilevile, noti moja halafu kimya. Hata kwaya yetu imeiiba ile sehemu.

Mwisho wa Lami:
Huo ndio ufundi sasa. Kuacha.

Fundi Jeki:
Tukiwa hapo: mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, nani alipata kazi? Mimi karakana ilijaa magitaa ya kuuzwa.

Nyuzi Nne:
Hakuna aliyepata. Uvuvi umesimama, mbalamwezi ikaja na kwenda bure. Nilipiga ubatizo mmoja na msiba mmoja. Msibani nililipwa vizuri kuliko ubatizo.

Dada Besi:
Huku tunategemea tumbaku. Urambo na Kaliua malipo yakitoka, hata mwanafunzi wa besi anapata pa kushika. Yakichelewa, sote tunakuwa watu wa maombi.

Beatmeka:
Mzee wa Ng'ambo, samahani, swali kabla mjukuu hajachoka. Umesema mnajuana kwa mkono. Mkono wako wewe uko kwenye wimbo gani? Tukautafute.

Nyuzi Nne:
Naunga. Mzee tutajie.

(siku mbili baadaye)

Mzee wa Ng'ambo:
Nilikuwa sitaki kujibu. Mjukuu amenisumbua.

Tulikwenda Dar kurekodi redioni, kwa treni, gitaa mapajani njia nzima kwa kuogopa mizigo isiliangukie. Enzi hizo hakuna kurekodi chombo kimoja kimoja. Bendi nzima chumba kimoja, maikrofoni za kuhesabu, fundi mitambo anainua kidole nyuma ya kioo, mnapiga kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mmoja akikosea mnarudia wote.

Wimbo wa nne ulitutesa. Tumeurudia mara tano, mwimbaji sauti imeanza kukwaruza, kiongozi hasemi na mtu. Mara ya sita ukaenda vizuri. Tukafika kabla ya chemko, pale wote wanaponyamaza na mimi ninabaki na noti zangu tatu za kuwaita. Sasa ile studio ilikuwa na kiyoyozi. Mimi mtu wa Ng'ambo, kiyoyozi nimekijulia wapi? Kilikuwa kinanipuliza usoni tangu asubuhi. Nimepiga noti ya kwanza, pua ikawasha. Nikasema moyoni, si hapa. Ikaja. Nikafumba mdomo, nikakaza macho, chafya ikaishia ndani, hakuna sauti iliyotoka. Lakini mkono ulisimama. Noti mbili zikapita bila mimi. Wenzangu wakadhani nimebadilisha kwa makusudi, wakaingia kwenye chemko kama kawaida, wimbo ukaisha. Fundi akainua kidole gumba: "Safi sana, hasa pale kabla ya chemko." Kiongozi akanipa mkono. Ningesema nini?

Tangu hapo nimezunguka kumbi za mji huu miaka na miaka, nawasikia vijana wakifundishana pale. Noti moja, ziache mbili. Mimi nakaa nyuma na soda yangu.

Beatmeka:
Hapana.

Dada Besi:
Mzee!! Kwaya yangu nzima!

Nyuzi Nne:
Elfu ishirini. Nililipa elfu ishirini.

Fundi Jeki:
Mwalimu wako yupo bado Mwanga? Usimwambie.

Chumvi ya Uvinza:
Afya, mzee.